Kompyuta ya Pili

Pale mapokezi ya hospitali walimwita Kufuli, maana hata akiinuka kwenda kunywa maji lazima afunge kompyuta yake. Wenzake walitumia neno la siri moja la wote, tena hawakufunga chochote. "Shoga, hilo neno lako utazikwa nalo," karani mwenzake, Mama Pacha, alipenda kumtania.

Asubuhi hiyo mwanamume aliyenyoosha shati vizuri aliipita foleni, akainama dirishani.

"Mke wangu kaletwa jana. Kachomwa kisu. Yuko wodi gani?"

Kufuli akaelewa. Mgonjwa huyo walimwandikisha kwa jina lisilo lake, kwa sababu aliyemchoma alikuwa mumewe.

"Hakuna mgonjwa kama huyo hapa, kaka."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

Mwanamume akazunguka, akauvunja mlango wa mapokezi kwa teke. Kufuli aliwahi kubonyeza, kioo kikawa cheusi. Mwanamume akamkamata nywele, akambamiza uso mezani.

"Fungua."

Akambamiza tena. Meno mawili yakatoka, damu ikatapakaa. Watu wa foleni walitawanyika, Mama Pacha miongoni mwao. Mwanamume akakikunja kidole cha Kufuli nyuma mpaka kikavunjika. Kufuli alipiga ukelele, akajikojolea, lakini neno hakulitoa.

Ndipo mwanamume alipoinua macho. Kompyuta ya Mama Pacha ilikuwa wazi. Wagonjwa wa upasuaji wote walikuwa wameorodheshwa pale, na mwenye jeraha la kisu alikuwa mmoja tu. Wodi ya tano, kitanda cha dirishani.

Akaondoka mbio. Kufuli akamfuata akijishika kuta, damu ikimchuruzika kifuani. Alipofika, mwanamume alikuwa amempandia mkewe kitandani, anamkaba kwa mpira wa dripu, na bandeji ya tumboni imeloa. Kufuli alinyakua chuma cha kutundikia dripu, akampiga begani. Mfupa ukalia. Akampiga kisogoni. Hata mwanamume alipoanguka, Kufuli aliendelea kumpiga, mpaka wauguzi wakamtoa kwa nguvu.

Mke alishonwa upya, akapona. Mume alilazwa chini ya ulinzi wa polisi, pingu mguuni.

Jioni Mama Pacha alikuja kitandani kwa Kufuli.

"Nilikimbia, mwenzangu. Sikukumbuka kuifunga kompyuta."

Taya la Kufuli lilikuwa limefungwa waya. Aliushika mkono wake kwa vidole vilivyobaki vizima, akaubana kwa nguvu zake zote. Mama Pacha akauma meno, wala hakuuvuta.