Ijumaa ya Kujaza Chelezo

Kwa miaka minne Corinne Tesar alikuwa baharia wa meli isiyokwenda popote. Manowari yetu ya kubeba ndege ilikaa juu ya magogo ndani ya chelezo kikavu, bwawa lisilo na maji la kutengenezea meli, huko Virginia, ikibadilishiwa fueli ya nyuklia, naye akapaka rangi na kulinda milango. Mkataba wake ulikwisha Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo angekuwa raia, na raia habaki ndani. Asubuhi hiyohiyo maji ya mto yalianza kuingizwa chelezoni.

Aliniomba jambo moja: awemo meli ikielea, ahisi sakafu ikiinuka. Mimi ndiye niliyepanga zamu. Nikampa chumba cha chini kabisa, aangalie kama vali ya maji ya kupozea inavuja. Tuliongea kwa simu ya waya.

"Mkuu, mto umefika. Unapapasa chuma kwa nje, kama ng'ombe anayelamba ukuta wa zizi."

"Mambo ya ng'ombe wa kwenu Nebraska hayo. Vali ikoje?"

"Kavu."

Huko juu nilifumba macho. Tani laki moja za chuma, na nilihisi zinapumua. Saa tano na nusu walitangaza kwamba imebaki mita moja tuelee.

"Mkuu." Nikasikia kitambaa kikisugua chuma. "Bomba linatoka jasho."

"Leo yote yanatoka jasho. Maji ni baridi."

"Najua. Nimelifuta mara tatu. Jasho linarudi kote, lakini tone linarudi kwenye boliti moja tu."

Wote wawili tulijua: nikitoa taarifa, maji yanasimamishwa mpaka jioni, na saa sita yeye atakuwa ameshatoka.

"Naweza kumtuma mtu aangalie kwanza," nikasema. "Itachukua muda kidogo."

"Usinidekeze, mkuu. Toa taarifa."

Nikatoa. Mto ukatulia ubavuni mwetu, chavua ya misonobari ikitanda juu yake kama unga wa njano. Saa sita alivuka daraja la kushukia na begi lake, magoti yana grisi. Hakugeuka.

Boliti ilishughulikiwa. Jioni meli iliinuka kwa upole, hata wengi hawakujua. Nilimpigia simu, alikuwa ameegesha gari milimani, njiani kurudi kwao.

"Ilikuwaje?"

Nilitazama buti zangu.

"Miguu ilijua kwanza," nikamwambia.

Akaniomba niseme tena, polepole.