Mgomo wa Babu Bakhum

Babu Bakhum aligoma kwenda kanisani tangu alipomzika mkewe, na kama ilivyo kwa migomo yote yenye heshima, alitoa sharti. Alitaka ajibiwe swali moja tu: Lazaro, aliyekaa kaburini siku nne, aliona nini huko?

"Yohana aliandika kila kitu," alilalamika barazani, akinyoosha kidole kana kwamba mtume mwenyewe yupo pale pembeni anakunywa chai. "Kaandika kwamba maiti alinuka. Harufu aliikumbuka! Lakini maiti yule alipotoka nje, hata neno lake moja hakuliandika. Na watu wote waliosimama pale, hakuna aliyemuuliza? Mji mzima wa mabubu?"

Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Maisha yake yote alifundisha kwa vitabu vyenye majibu kurasa za mwisho. Biblia alipoifungua kurasa za mwisho, alikutana na joka.

Mjukuu wake Febronia alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya watawa, mjini Asyut. Huko alikuwa na sifa. Ni yeye aliyemfundisha kasuku wa mama mkuu kuitikia "Amina" kila yanaposomwa majina ya wenye adhabu, kosa ambalo kanuni za bweni, pamoja na urefu wake wote, hazikuwa zimelitaja. Lakini Jumamosi ile, akiwa amekaa barazani na babu yake wakisuka makuti machanga ya sikukuu, hakuwa na mzaha. Vidole vilikuwa havitulii. Punda aliyemsuka alitokea na miguu mitano.

Kesho ilikuwa Jumapili ya Mitende. Baada ya misa, kanisa lingevishwa mapazia meusi, na Abuna Sarabamun, padri wao, angewaombea watu wote sala ya maziko. Wote, wakiwa hai, wamesimama kwa miguu yao. Kwa maana katika juma la mateso kanisa halimsomei mtu sala ya maziko peke yake. Atakayekufa juma hilo huhesabiwa kwamba alikwisha kusaliwa Jumapili na wenzake.

Na asiyekuwepo Jumapili?

Miguu ya Babu ilikuwa imevimba hadi viatu vimemkataa. Daktari alikuwa amemnong'oneza mama yake Febronia mlangoni kwamba moyo wa mzee umechoka, na hakuna masikio makali kama ya mtoto wa bweni watu wazima wanaponong'ona. Akilini Febronia alishamwona babu yake akifukiwa Jumanne kimyakimya, kama paka.

"Babu, kesho utakuja?"

"Nimejibiwa?"

"Lakini Babu..."

"Nauliza, nimejibiwa?"

Basi Febronia akafanya kile alichojaliwa kukifanya vizuri kuliko chochote. Aliweka makuti chini, akakunja mikono mapajani kama mtawa, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilikatazwa kusema."

Babu aliacha kusuka.

"Kuna mtawa mmoja shuleni, mzee sana. Amesoma maandiko ya kale ya watakatifu wa jangwani. Imo humo, Babu. Lazaro alikuta bustani, na watu wamekaa barazani kama sisi hapa, wanamenya maharage. Alipofika wakamsogezea nafasi, wakamuuliza habari za nyumbani."

Mzee aliyasukuma makuti kando. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "We mama Febronia! Ile kanzu yangu nyeupe ipigwe pasi!"

Febronia alijiona ameshinda vita. Aliipiga pasi mwenyewe, akiimba, akapanga jinsi atakavyoungama dhambi hii baada ya Pasaka, kwa maneno machache na haraka. Alikuwa kwenye kola Babu alipoingia akijikongoja, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Huyo mtawa," alisema, "hakutaja maji?"

"Maji gani?"

"Bibi yako siku ile ya mwisho aliniomba maji. Daktari alikuwa amekataza, na mimi nikamtii daktari. Akaniomba tena. Nikamwambia, subiri kidogo." Alitazama mikono yake. "Sasa nataka kujua tu. Hapo wanapomenya maharage, kuna maji?"

Kusema "yapo" ilikuwa rahisi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Febronia akasema, "Narudi sasa hivi," akatoka mbio na kuiacha pasi juu ya kola.

Alimkuta Abuna Sarabamun juu ya ngazi kanisani, mnene kama alivyo, akifunga matawi ya mitende kwenye nguzo.

"Abuna, Lazaro aliona nini kule?"

"Shika ngazi, inayumba."

"Abuna!"

"Sijui, binti yangu."

"Hujui? Mbona mimbarani hujawahi kusema hivyo?"

"Mimbarani siulizwi." Alishuka ngazi moja, akahema. "Nimetafuta. Wakubwa zangu nao walitafuta. Tumepewa habari kwamba aliitwa akatoka, na kwamba baadaye alikaa mezani na Bwana wakala. Hapo katikati pamefungwa. Na mimi nalala nalo swali hilo, linanipiga mateke kama mtoto kitandani."

"Sasa Babu nimwambie nini?"

"Mwambie kweli. Na usiache ngazi, mimi sina haraka ya kwenda kumuuliza Lazaro mwenyewe!"

Febronia alirudi akakuta kola ya kanzu imeungua, alama ya pasi imekaa pale kama muhuri. Alisimama mbele ya babu yake.

"Hakuna mtawa, Babu. Nimetunga. Kama kuna maji sijui. Abuna naye hajui."

Alingoja kofi, au angalau tusi. Babu Bakhum aliichukua kanzu, akaitundika msumarini pamoja na kuungua kwake, akajilaza akigeukia ukutani.

Asubuhi Febronia alikwenda na mama yake. Misa yote alisali akiwa amegeuza shingo mlangoni, hadi mama akamfinya. "We unasali au unalinda mlango?" Mapazia meusi yakashushwa. Nyimbo zikabadilika, zikawa za kilio. Watu waliokuwa wakipeperusha makuti muda si mrefu uliopita wakajikunyata kama waliofiwa, na kwa kweli waliofiwa walikuwa wao, na marehemu walikuwa wao pia.

Abuna alikuwa ameshashika chombo cha maji ya baraka ya kuwanyunyizia watu pale mlango ulipolia. Babu Bakhum aliingia na kanzu yake ya kijivu, imekunjamana, miguuni ndara. Watu wakampisha. Alikuja hadi kwa mjukuu wake.

"Umejibiwa?" Febronia alinong'ona.

"Na nani? Mwongo wee." Alikuwa akihema kwa tabu. "Nimechoka kuuliza nikiwa nje. Nitaulizia humu humu ndani. Mungu akinichoka, atanijibu."

Maji yakaanza kurushwa. Watu wakainamisha vichwa ili yawapate utosini. Babu Bakhum peke yake aliinua uso wake juu, akafumba macho, akafungua kinywa, kama kifaranga. Febronia hakujua kama yalimfika. Aliona tu koo lake likimeza.

Yeye mwenyewe hakutulia. Swali lilikuwa pale pale, na sasa lilikuwa lake. Lakini aliushika mkono wa mzee, na wakasimama hivyo hadi mwisho wa maziko yao.

Njiani kurudi walitembea polepole kwa ajili ya ile miguu. Karibu na nyumbani Babu alisimama apumue.

"Wale watu wako wa barazani," alisema. "Yalikuwa maharage gani?"

"Babu! Nimekwambia nilitunga!"

"Najua ulitunga. Nauliza tu."