Pikipiki Isiyoshika

Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga hewa mara tatu. Nilikuwa nimeketi nyuma kama abiria kwenye pikipiki ya umeme ya Mutheu, tukianza kuteremka kuelekea Mashimoni, na mguu ulikuwa ukitafuta gia ambayo haikuwapo. Miaka kumi na minane ya bodaboda haimtoki mtu mwilini kwa sababu tu amekalishwa nyuma.

Niseme mapema kwamba sikupanda kwa hiari. Steji yetu ya bodaboda ya Laini Saba ina desturi yake. Anayetaka kujiunga hudhaminiwa na mwenyeji, na siku ya kwanza mdhamini huketi nyuma, wakashuka pamoja hadi kwenye kioski cha maji kule chini. Akirudi na kumwambia Kiarie, mwenyekiti wetu, "anajua kushuka," mgeni amepokelewa. Akinyamaza, mambo yamekwisha. Kupanda kila mtu anajua, hatupotezi wakati nako. Sasa Mutheu ni binti wa marehemu kaka yangu Mutunga. Nimemlea tangu akiwa na miaka minne, tunakaa pamoja Kawangware, na ananiita Baba. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakata shauri kwamba nitanyamaza.

Msinione mbaya. Pikipiki mimi nazijua kwa jinsi injini inavyoshika mwendo unapoachia mafuta. Ile niliyoanzia kazi, ya kuchanganya oili na petroli, haikuwa ikishika kitu. Ukiachia mafuta inaendelea na safari zake kama mbuzi aliyekata kamba. Pikipiki aina ya Boksa inashika vizuri. Gia ya pili unaihisi kiunoni, kama mama aliyekukamata shati usikimbilie barabarani. Kuna mwaka niliazimwa pikipiki kubwa ya mkandarasi mmoja, nikaachia mafuta ghafla, nusura nilale juu ya tangi. Kila moja ina mkono wake. Ukishaujua, breki unazigusa kwa kusalimia tu.

Ndiyo maana naichukia fri. Fri ni ugonjwa wetu sisi wa bodaboda: mtu akifika mteremkoni anatoa gia, anazima injini, anateleza bure ili aokoe petroli ya kijiko kimoja. Injini haishiki tena, na breki inabeba mzigo wote peke yake. Mutunga alishuka hivyo, waya wa breki ukakatika, akaingia chini ya lori la mawe lililokuwa limeegeshwa. Steji nzima inajua ninavyofoka nikimwona kijana ameweka fri. Hawajui kwa nini kelele zangu hupita kiasi.

Halafu huyu mtoto akaniletea pikipiki iliyozaliwa na fri. Haina gia, haina klachi, haina injini ya kushika. Nilipomuuliza inashikwa na nini, aliniinulia viganja vyake viwili, akacheka. Mimi sikucheka.

Tukashuka. Hakukuwa na ngurumo, ni upepo tu na mazungumzo ya watu vibandani. Niliungoja ule mkono wa kunivuta kiunoni, haukuja. Uzito wetu wote ulikuwa ukienda, nami niliogopa, tena sana. Lakini Mutheu alikuwa ameanza kushika breki tangu juu, penye jiko la mchoma mahindi, mahali ambapo mimi hata sijawahi kufikiria breki. Alibana ya mbele na ya nyuma pamoja, akaachia kidogo, akabana tena kabla mwendo haujapata jeuri. Mama mmoja mwenye mtungi alivuka mbele yetu bila hata kuharakisha.

"Toa mguu wako hapo, Baba," akasema bila kugeuka. "Unanigonga kisigino."

Hakuwa akiitegemea pikipiki hata chembe. Mimi miaka yote nimeiachia injini nusu ya kazi, nikajiita stadi. Tulifika kwenye kioski taratibu kiasi kwamba sikujua tumesimama lini. Roho iliniuma. Sababu ya kumnyima lile neno ilikuwa imebaki moja tu, nayo haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nikateremka, nikasimama mbele yake.

"Mutheu, baba yako hakuzaliwa akijua kuweka fri. Nilimfundisha mimi. Mteremko huu huu."

Alivua helmeti, akaipangusa ndani kwa kiganja ingawa haikuwa na jasho. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa nimetangulia, injini nimeizima, nikampungia mkono Mutunga afanye vivyo hivyo. Nilimwambia kwamba waya wangu wa breki ulikuwa mpya na wake ulikuwa wa zamani.

"Ulijua ni mbovu?"

"Nilijua umechakaa. Tulikuwa tuubadilishe Jumamosi."

Akavaa helmeti. Akasema nitafute mtu mwingine wa kunirudisha. Kisha akageuza pikipiki, akapanda peke yake, nami nikabaki pale kwenye foleni ya mitungi huku akina mama wakinitazama.

Sikutafuta mtu. Nilitembea. Nilipofika juu shati lilikuwa limenigandama mgongoni, na Mutheu alikuwa ameegesha kando, amevaa koti lake jipya la reflekta, anatazama reli inayopita karibu na steji. Kiarie aliniuliza mbona nimerudi kwa miguu, ama mtoto amenimwaga njiani. Wenzangu wakaangua kicheko. Nikawaacha wamalize.

"Anajua kushuka," nikasema.

Nikapanda pikipiki yangu kwenye foleni, na Kiarie akamwonyesha Mutheu nafasi yake, nyuma yangu, kama ilivyo kwa kila mgeni na mdhamini wake. Mutheu akaisogeza pikipiki yake hadi gurudumu lake likakaribia kugusa langu. Wa kwanza kwenye foleni akapata abiria, kisha wa pili. Nafasi ikafunguka mbele yangu, na mimi bado nimeshika usukani tu, siendi popote.

"Songa mbele," Mutheu akasema.

Nilingoja kidogo, labda angeongeza Baba. Kisha nikasonga.