Mzabibu wa Mardhiya, Uani Kwetu Edmonton

Mke wangu Mardhiya, Mungu amrehemu, alikuwa akitia zabibu mbichi kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Tulipohamia Edmonton, baada ya mapinduzi ya Unguja kututoa kwetu, embe mbichi za kuutia mchuzi uchachu hazikuonekana madukani na ndimu zilikuwa ghali. Jirani yetu Kiriako, Mgiriki wa Saiprasi, akampa kijiti cha mzabibu wa kwao, zabibu nyeupe za mvinyo ziitwazo xynisteri. Kijiti kikashika, kikapanda ukuta wote wa uani.

"Mardhiya, unaniulia mvinyo ungali mtoto," Kiriako alikuwa akisema.

"Njoo na sahani. Utaunywa kwa wali."

Mzabibu wa Kiriako mwenyewe ulikauka zamani. Huu wetu ndio uliobaki.

Sasa wakubwa wa ofisi inayotupangisha nyumba wakasema ukuta unapasuka, na mwenye kosa ni mzabibu. Wakamleta bwana mmoja kupima. Alikuja saa ya chai, nikamtengea chai ya maziwa na kaimati. Aliponiuliza kama nina pingamizi mzabibu ukikatwa, kaimati iko mdomoni mwake. Mgeni anakula kwako, utamwambiaje hapana? Nikasema, tuyaache hayo, maliza chai kwanza. Mtu wa kwetu angeelewa. Yeye akamaliza, akashukuru, akaenda kuwaambia wakubwa wake mzee hana neno.

Mimi nilimpa chai. Sikumpa mzabibu.

Kiriako akaniambia, "Waombe wangoje baridi. Majani yakipukutika nitakata vijiti tuvioteshe kwangu. Sasa hivi, na majani yake, havishiki."

Nikapiga simu. Huyu akanipeleka kwa yule, yule akaniwekea muziki. Mwisho msichana mmoja akaniambia, tena kwa adabu, kwamba kazi imeshapangwa na mwenyewe nilikubali.

Kule Unguja walituchukulia nyumba bila kuuliza. Huku wanakuuliza kwanza, kisha wanachukua.

Wakaja wawili na msumeno. Nikawapikia chai, maana wako kwangu, ningefanyaje? Mzabibu ukaanguka na vichala vyake, punje za kijani, ngumu kama mbaazi. Nikachuchumaa na beseni la Mardhiya, nikawa naokota kabla hawajazikanyaga.

Kiriako akachungulia juu ya ukuta. "Ziache hizo. Hazijaiva, hazifai kitu."

"Hazikufai wewe."

Akanitazama ninavyookota. Kisha akauliza, "Mardhiya alikuwa akizitia kabla ya tui au baada?"

Nikasimama na beseni mkononi. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kula.

"Sijui," nikamwambia.

Hitma ya kumwombea marehemu kutimiza mwaka ni Jumapili, na watu nimeshawaambia watakula mchuzi wa Mardhiya.