Matusi ya Mulumba Yalipokoma

Katika atelye yetu, karakana ya kampuni pale Kolwezi, hakuna aliyefundishwa kazi kwa heshima. Ulifundishwa kwa kutukanwa. Bingwa alikuwa Mulumba, mtu wa Kasai, jimbo jirani, ingawa alizaliwa palepale Kolwezi, mtaa wa Dilala. Alikuwa ameshapiga kelele kabla mkono wako haujafika pabaya.

“Weye Omer! Ni vile bafunga mbuzi kwenu Manono?”

“Nyamaza, Mukasai! Kwenu muliona mbuzi lini?” Omer, mwenyeji wa jimbo letu, alijibu huku akifungua mnyororo wa kunyanyulia mashine na kuufunga upya. Tulicheka, na sote tukawa tumelijua kosa. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo.

Wakubwa wa kampuni waliamini ujuzi wetu umo katika vitabu vya Kifaransa walivyovifungia kabatini. Vitabu vile havikuwahi kumpigia mtu kelele.

Mwaka wa 1992 Wakasai wakaanza kufukuzwa jimboni mwetu, hata waliozaliwa huku. Vijana wenyeji walipita nyumba kwa nyumba kuwatoa. Ukimkera mwenyeji kwa neno moja tu, familia yako ilikwenda stesheni na magodoro kungoja treni ya kupelekwa Kasai. Tshibola, mke wa Mulumba, alikuwa na mimba kubwa. Alimwambia mumewe: “Tata, kule ku kazi ufunge kinywa. Mi siwezi kuzalia mu vagon ya treni.”

Mulumba akafunga. Akaanza kumwita kila mtu tata, yaani baba, hata vijana wa kazini aliozoea kuwaita vichwa vya mbuzi.

Asubuhi moja tulikuwa tukinyanyua motere ya pampu, mashine nzito. Omer aliufunga mnyororo vibaya, kisha akapeleka mkono chini. Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuona. Mulumba aliona. Nilimsikia akikohoa.

“Tata Omer, pardon. Kama unaniruhusia, nilikuwa nataka kusema...”

“Sema, tata.” Omer alimgeukia, mkono bado uko chini ya motere.

Mnyororo ukateleza.

Omer alipoteza vidole vinne. Siku hiyohiyo wale vijana wa kufukuza watu walifika kwa Mulumba. Walisema Mukasai aliona hatari akanyamaza makusudi. Nilikwenda kuwaambia kwamba alisema, nilimsikia kwa masikio yangu.

“Alisema nini?” mmoja akaniuliza.

Nikayarudia maneno yake, pardon na yote. Wakacheka sana: eti Mulumba wa matusi aombe ruhusa ya kusema! Kisha wakaanza kutoa vitanda nje.

Tshibola alizalia stesheni, juu ya godoro, wanawake wakimzungushia vitenge. Treni ilikuwa haijafika.