Bi Usingizi

Jina la Bi Usingizi lilitungwa na mwalimu mwenyewe. Nyumbani mtoto aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni, lakini darasa la nne zima lilikuwa limeshalisahau jina hilo. Ilikuwa siku ya somo la afya. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni, kwa ule mwandiko wake wa kujivunia, kwamba mtoto hukua akiwa amelala, kwamba usingizi hutuliza hasira, huupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi, na hukiwezesha kichwa kushika yale kiliyofundishwa mchana. Alipogeuka kumwuliza mtu swali, Kidoti alikuwa ameweka shavu juu ya daftari, anauchapa usingizi, mate yanamtoka. "Haya, Bi Usingizi keshaanza mazoezi," mwalimu akasema. Darasa likaangua kicheko, na jina likaganda.

Tusimwonee mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Mchana alifundisha, na usiku alishona sare za shule kwa cherehani kubwa ya umeme, ile ya kushonea hata turubai. Nyumba aliyopanga ilikuwa imegawanywa mara mbili kwa ukuta mmoja, na cherehani aliiweka chumba cha nyuma, meza ikiegemea ukuta huo isipate kuyumba. Mchana mdogo wake wa kike aliishika, usiku akaishika yeye. Walalaji, alipenda kuwaambia walimu wenzake, ndio haohao wanaolia njaa. Aliyoyaandika ubaoni yalikuwa ya watoto, hayakumhusu. Nyani haoni kundule.

Upande wa pili wa ukuta waliishi Kidoti na mama yake, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Ujirani wao ulikuwa wa salamu tu: mwalimu alitoka mapema, akarudi amechoka, akaingia kwake. Alijua mtoto anakaa hapo, kama unavyojua jirani yako ana sufuria. Mtoto hulala chumba gani, hilo hakuwahi kujiuliza.

Darasani alijaribu kila njia, au ndivyo alivyoamini. Alimsimamisha nyuma ya darasa. Alimtuma bombani kunawa uso. Alimhamishia dawati la mbele, na huko mbele Kidoti akasinzia waziwazi zaidi. Alama zake zikaporomoka, naye akawa mtoto wa kulia ovyo hata akiguswa bega. Mwisho mwalimu akampendekeza kwa mwalimu mkuu arudie darasa. Jambo hilo lilikuwa lipitishwe Jumatatu, na Ijumaa baada ya masomo mwalimu akaona uungwana ni kumwambia mama mtu mwenyewe. Alipita kwake kwanza kuweka mkoba. Mdogo wake alikuwa jikoni anakula. Akatoka, akagonga mlango wa jirani.

Mama Kidoti alimpokea pasi ikiwa mkononi. Kila kiti cha sebuleni kilikuwa kimefunikwa mashati ya watu, kwa hiyo alimwomba radhi, akampeleka chumba cha nyuma, akamketisha kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa cha Kidoti. Kidoti alikuwa ametumwa kupeleka nguo kwa mteja, na hilo likampa mwalimu nafasi ya kusema bila kuuma maneno. Akaegemea ukuta, akaanza. Alisema mtoto hana juhudi. Alisema pengine anaachwa kutazama televisheni hadi saa mbovu, na kwamba malezi huanzia nyumbani. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, hapa hatuna televisheni," alisema mwishowe. "Huyu huingia kitandani hata jua halijazama vizuri, ila..."

Hapo ukuta ukanguruma. Mwalimu aliusikia mgongoni kabla ya masikioni: mngurumo mrefu uliopanda kwenye mbavu zake, uliotikisa kitanda na kugonganisha vifungo vya shati lililotundikwa msumarini. Kisha ukakatika. Kisha ukaanza tena. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Aliujua ule mwendo, mshono mrefu wa pembeni, kituo cha kugeuza kitambaa, kisha mshono mfupi. Mdogo wake alikuwa amemaliza kula.

Kilichomchoma zaidi ni mama Kidoti. Cherehani iliponguruma alinyamaza katikati ya neno, ilipokatika akaendelea palepale alipoachia, na wala hakuonekana kujua kwamba anafanya hivyo. Ni mtu aliyezoea.

"Na usiku inasikika hivi hivi?" mwalimu aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Usiku kumetulia, mwalimu, kwa hiyo inasikika zaidi. Lakini kila mtu na riziki yake."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

Mama Kidoti akaikunja nguo iliyokuwa imeshakunjwa. "Wewe ndiye unayemfundisha mwanangu. Ningeanzaje kugonga mlango wako nikwambie unatupigia kelele? Kidoti alitaka kukwambia, siku ile aliporudi analia kuhusu hilo jina. Nikamkataza. Nikamwambia mwalimu hasemwi."

Aibu ikamvaa mwalimu kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama akaeleza, tena kwa upole, kama anayejitetea yeye, kwamba walijaribu pamba za masikioni, walijaribu kulala sebuleni chini, lakini mtoto akapata kifua kwa baridi ya sakafu, wakarudi. Mwalimu alikuwa na hakika sasa kwamba alikuwa mwizi. Usiku alikuwa anamwibia mtoto usingizi, na asubuhi anamwadhibu kwa kupungukiwa nao.

Aliaga ovyo, akaingia kwake, akachomoa waya wa cherehani ukutani bila neno. Mdogo wake akabaki na sketi nusu mkononi, akimwuliza dada yake kulikoni. Dada alikuwa ameshatoka tena, anarudi shuleni mwendo wa kukimbia, maana Jumatatu ilikuwa mbali kwa hali aliyokuwa nayo.

Alimkuta mwalimu mkuu anafunga ofisi. Akamwambia yote pale mlangoni, kwamba mtoto hana tatizo, kwamba tatizo ni yeye. Mkuu alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipouona uso wake akaacha. Alikubali kulifuta pendekezo, kisha akamshauri asilitangaze jambo hili. Wazazi wana midomo, na mwalimu akishavunjiwa heshima harudishiwi. Mwalimu alijisikia nafuu kusikia hivyo, na palepale akajichukia kwa ile nafuu.

Njia nzima ya kurudi alitunga maneno ya kumwambia Kidoti. Haikuwa kazi rahisi. Maisha yake yote alikuwa upande wa kuombwa msamaha, na kila sentensi aliyoianza iligeuka somo. Mwisho akabaki na maneno machache tu: nilikukosea, ile kelele ilikuwa yangu, na lile jina sitakuita tena, wala darasani halitatamkwa. Alitaka kuyasema upesi, kabla hayajamkauka. Alitaka, ukweli ni huo, alale usiku ule akiwa mwepesi.

Mama Kidoti alimfungulia, akampeleka tena chumba cha nyuma. Kidoti alikuwa amerudi. Alikuwa amejilaza kifudifudi na sare yake, kiatu kimoja mguuni kingine sakafuni, mkono unaning'inia nje ya kitanda, ameshikwa na usingizi wa pono. Ukuta ulikuwa kimya.

"Aliingia akauliza mbona kimya," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kabla sijamjibu, kalala. Ngoja nimwamshe, haifai mwalimu asimame."

Akainama na kumshika mtoto bega. Mwalimu akamdaka mkono.

"Mwache."

"Lakini umekuja kwa ajili yake."

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Mwalimu alimtazama yule mtoto, kinywa wazi, mbavu zinapanda na kushuka taratibu, na akaona kwamba kumwomba radhi sasa ni kumwibia mara nyingine. Itabidi aende navyo nyumbani, kosa na radhi, na usiku huu usingizi usimjie.

"Basi kesho nimlete kwako saa ngapi?" mama aliuliza.

"Usimlete. Nitakuja mwenyewe," mwalimu alisema. "Akiamka."