Nafasi ya Wifi

Tangazo liliingia kwenye simu saa mbili asubuhi, siku yenyewe ya mwisho ya kupokea barua. Aliyelituma alikuwa mumewe, fundi wa friji, ambaye saa hiyo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la bucha moja akitafuta gesi inapovujia. "Soma haraka," aliandika. "Hii ni yako kabisa, bado jina tu."

Kazini walimwita Mkasi, na jina lilikuwa limemganda hata nyumbani, mpaka mama mkwe wake alipopiga simu alianza kwa kuuliza, "Mkasi hajambo?" Alikuwa mkataji wa nguo, mwaka wa kumi na moja sasa. Karakana ndogo alimokuwa akifanyia kazi ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi kwa sababu mwenyewe anahama. Mkasi alikwisha kupeleka barua sita za kuomba kazi. Nne hazikujibiwa, na mbili zilijibiwa kwa namna ambayo heri wangekaa kimya.

Alilisoma tangazo akiwa amesimama, pasi mkononi. Anatafutwa msimamizi wa chumba cha kukatia nguo. Mkataba wa kudumu. Matibabu ya familia nzima. Moyo ukamruka kama wa msichana. Akarudi juu asome tena polepole, na safari hii macho yakakwama katikati. Msimamizi huyo ataongoza wakataji kumi na wawili, mashine tatu za kisu cha umeme, na meza ya kukatia ya mita kumi na nane. Jina la kampuni halikuwekwa. Barua zipelekwe kwa wakala wa ajira, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, kabla ya saa kumi alasiri.

Aliizima pasi, akakaa.

Mji mzima ule ulikuwa na meza moja tu ya urefu huo. Mkasi aliijua kuliko alivyokijua kitanda chake. Alijifunzia kazi ubavuni mwake, chaki mkononi, akimfuata nyuma nyuma mwanamke aliyemfundisha kukunjua jora, kupanga patani, zile karatasi za vipimo, kusikiliza mlio wa kisu kinapoanza kuwa butu. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba kile tangu enzi hizo mpaka asubuhi hiyo. Naye ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

Tena Jumapili iliyopita tu wifi alikuwa hapo hapo sebuleni, amekunja miguu kwenye kochi, anapiga soga kuhusu vijana atakaowapandisha daraja mwakani. Mtu anayejua kiti chake kinatangazwa hacheki namna ile.

Alimpigia mumewe.

"Umeiona hiyo meza?" aliuliza.

"Meza gani?"

"Mita kumi na nane. Wakataji kumi na wawili. Hebu fikiri, baba watoto. Ni chumba cha nani hicho?"

Alisikia bisibisi ikiwekwa chini.

"Labda wanaongeza msimamizi wa pili," fundi alisema mwishoni.

"Wangeandika. Na wasingeficha jina la kampuni."

"Sasa sikiliza. Usimwambie kitu. Kama kweli wameamua kumtoa, watamtoa, uombe usiombe. Bora nafasi ibaki humu humu ndani kuliko kwenda kwa mtu baki."

"Yaani nimvue dada yako viatu naye bado anatembea navyo?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Mkasi," mumewe alisema, sauti imeshuka, "mwisho wa mwezi ni wiki tatu. Mimi nasema tu ukweli." Kisha akakata simu, au mtandao ulikatika, siku hiyo hakutaka kujua ni lipi.

Barua aliiandika. Hilo hakulificha hata baadaye, alipoulizwa na watu waliokuwa na haki ya kumuuliza. Alikaa mezani akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wake bora, akatia kwenye bahasha pamoja na nakala za vyeti, na muda wote huo alijiambia kwamba kuandika si kupeleka. Saa sita na nusu akatoka. Kwenye njia panda ya soko, kushoto ni kwa wakala, kulia ni kiwandani. Alisimama pale muda mrefu mpaka muuza vocha akamuuliza kama amepotea.

"Bado," alijibu, akashika kulia.

Bawabu wa kiwanda alimfahamu tangu zamani, akamfungulia lango dogo bila kumwandikisha. Chumba cha kukatia kilikuwa nyuma, kile chenye madirisha ya juu. Hata kabla ya kuingia alisikia mashine ikinguruma, na mwili wenyewe ukalitambua lile vumbi la pamba linalokaa kooni.

Mkataji mmoja hakuja siku hiyo, kwa hiyo wifi alikuwa ameshika mashine mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, kilemba kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana. Hakumwona Mkasi mlangoni. Mkasi akasimama kando ya majora, asimkatize.

Ndipo alipoanza kuona mambo. Wifi alipochora mstari kwa chaki alikuwa ameinama mno, pua karibu iguse kitambaa. Alipogeuka kuchukua patani nyingine, kijana aliyekuwa nyuma yake alifuta ule mstari upesi kwa kiganja na kuuchora upya, vidole viwili kuelekea ndani. Mwenzake upande wa pili hata hakushtuka. Alimkinga tu, kama watu waliokwisha kuzoeana na kazi hiyo. Chumba kizima kilikuwa kinajitia hamnazo. Mambo haya yameanza lini?

Wifi akawasha tena mashine. Vitambaa vilikuwa vimepangwa tabaka sitini, unene wa godoro la mtoto. Mkataji mmoja, msichana mwembamba mwenye hereni za plastiki, alikuwa amebana kitambaa upande wa mbele kwa mkono wa kushoto, uso ameugeuzia dirishani anaongea na mwenzake. Kisu kilikwenda sawa, kikafika kwenye kona ya bega. Pale kilipaswa kukata kulia. Hakikukata kulia. Kiliendelea mbele, taratibu, kwa mkono wenye uhakika wote wa dunia, kuelekea vidole vya yule msichana.

"Zima!" Mkasi alipiga kelele. "Wifi, zima!"

Mashine ikanyamaza. Msichana akauvuta mkono wake, akautazama mbele na nyuma. Ulikuwa mzima. Kati ya kisu na pale ulipokuwa mkono palibaki upana wa kidole kimoja.

Wifi alikuwa bado ameshika mpini wa mashine, anatazama kule sauti ilikotokea, macho ameyakunja.

"Ni nani huyo?" aliuliza. "Mkasi?"

Zilikuwa hatua sita tu baina yao.

Wifi alimpeleka kwenye stoo ya vitambaa, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Umefuata nini hapa saa hizi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Mkasi alitoa simu, akamnyooshea tangazo. Maneno aliyojipangia njiani yalikuwa yamemtoka yote.

Wifi aliipokea simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamrudishia.

"Nisomee," alisema.

Mkasi akasoma. Hakuwahi kusoma kitu kizito kama kile. Alipofika kwenye wakataji kumi na wawili, wifi alikaa juu ya jora. Alipofika kwenye meza, wifi alitoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha yoyote.

"Mita kumi na nane. Meza ile nilipigania mimi. Walitaka kuninunulia ya tisa." Akamgeukia. "Na wewe umeshaandika barua?"

Mkasi angeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa mzito, lakini si mzito wa uongo.

"Nimeandika."

"Unayo?"

"Ipo mkobani."

"Nisomee na hiyo."

"Wifi, tafadhali."

"Nimekwambia nisomee. Leo si ni siku ya kusomewa?"

Akaifungua bahasha, akasoma barua yake mwenyewe kwa sauti ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Miaka kumi na mmoja ya uzoefu. Bidii na uaminifu. "Ujuzi huu niliupata kwa mkataji mzoefu wa kiwanda kikubwa…"

"Huyo mkataji hana jina?"

Nje ya mlango kengele ya chakula ililia, miguu ikapita, na yule msichana wa hereni akasikika akicheka kwa sauti ya juu kupita kiasi, kicheko cha mtu ambaye hofu inamtoka.

"Wanachora upya mistari yangu," wifi alisema. "Unafikiri sijui? Nasikia chaki. Mwaka mzima nasikia chaki nyuma yangu nami nakaa kimya, nasema Mungu awabariki, wiki ijayo nitakwenda kwa daktari. Wiki ijayo, wiki ijayo. Niliogopa atakachoniambia." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Kumbe mtu angekatwa vidole kwa ajili ya kiburi changu."

"Wifi…"

"Usinionee huruma, nitakuchukia. Umekuja kuniuliza nini? Kama kazi inafaa? Haya, nikwambie, maana tangazo halikuambii. Mashine ya tatu, ile niliyoshika, haina kinga ya kisu. Ilivunjika mwaka jana. Nimemwandikia meneja mara tano. Kila mara ni mwezi ujao. Mimi macho yameniponza, lakini mashine ile siku moja itamkata hata mwenye macho ya mwewe. Na siku hiyo jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni la msimamizi. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba."

"Basi nisiombe?"

"Hilo usiniulize mimi!" Wifi alisimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Unataka nikupe baraka ili ukae nayo vizuri? Sikupi. Wewe ni mtu mzima. Ila kama ukiipeleka, ipeleke mchana, watu wakikuona. Na nyumbani kwangu usije mpaka nikuite."

Akafungua mlango akatoka. Mkasi alimwona akivuka ua, mkono mmoja umegusa ukuta, akipanda ngazi za ofisi ya meneja moja moja. Baadaye ilijulikana alikwenda kusema mwenyewe kwamba haoni, kwamba hashiki tena mashine yoyote tangu saa ile, na kwamba anaiacha kazi.

Saa tisa na dakika ishirini Mkasi alikuwa kwenye benchi kwa wakala, barua imelala mapajani. Walikuwepo waombaji wengine wanne, wamevaa vizuri, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake. Alifikiria wiki tatu zilizobaki. Alifikiria ule upana wa kidole kimoja. Kama asingeomba yeye, mmoja wa hawa angepata, asiyejua habari ya kinga wala ya chaki. Na kama angeomba vile vile barua ilivyo, angekuwa ameingia kwa mlango wa nyuma katika chumba alichoingizwa mara ya kwanza kwa kushikwa mkono.

Akaomba karatasi safi na kalamu. Akaandika upya, upesi, mwandiko ukienda upande. Safari hii mwalimu wake alikuwa na jina na cheo chake. Na mwishoni aliongeza kwamba yuko tayari kuanza kazi siku yoyote baada ya mashine ya tatu kuwekewa kinga, si kabla.

Karani aliipitisha macho, akainua nyusi. "Mama, watu hawaweki masharti kwenye barua ya kuomba kazi."

"Pokea tu, mwanangu. Ni saa kumi kasoro tano."

Siku ya tisa akaitwa kwenye usaili. Meneja alikuwa mtu mpole wa maneno, wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimsifu sana. Kuhusu mashine alisema, "Hayo tutayaona ukishaingia."

"Mkishayaona, niiteni," Mkasi alijibu, akasimama.

Mumewe alipoambiwa hakugomba. Alikula kimya siku tatu, na kwa mtu yule aliyezoea kuongea hata na friji, kimya hicho kilikuwa kigumu kuliko matusi. Karakana ikafungwa. Mkasi akaleta nyumbani makasi yake mawili na mto wa pini, akaviweka juu ya kabati.

Kilichotokea kiwandani alikuja kusimuliwa na yule msichana wa hereni. Siku iliyofuata baada ya wifi kuondoka, wakataji walikataa kuigusa mashine ya tatu. Hawakugoma, hawakupaza sauti. Kila aliyeambiwa aishike alisema aliyemtuma aonyeshe kwanza yeye mwenyewe. Kazi ya mashine tatu ikafanywa na mbili, oda zikarundikana, na wiki ya nne kinga mpya ikafungwa. Jioni ya siku hiyo simu ya Mkasi ikalia.

Aliianza kazi Jumatatu. Ilikuwa ngumu jinsi alivyoambiwa. Asubuhi ya kwanza wakataji walimtazama kama mtu aliyekuja kuishi katika nyumba ya marehemu, na hakuwalaumu. Wifi hakumwita. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Fundi wa friji alikwenda kwa dada yake peke yake kila Jumapili, akarudi na habari fupi fupi: daktari amesema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unatibika, amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, amefanyiwa wa la pili.

Alasiri moja hodi ikapigwa. Mkasi alifungua mlango mikono imejaa unga. Wifi alikuwa amesimama kizingitini na miwani ya giza, amekuja bila kushikwa mkono na mtu. Akaivua. Alimtazama Mkasi usoni kwa muda mrefu, kwa makini, kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni.

"Makubwa!" alisema. "Wifi yangu, kumbe umezeeka hivi, wala hakuna aliyeniambia?"

Kisha akampita mlangoni, akaenda kukaa kwenye kochi, akauliza kama mle ndani kuna chai au hakuna.